Kitenzi Nilichowafundisha Watoto wa Wifi

Kawangware 56
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwako wifi yangu, mulamwa Annet,

Bwana asifiwe. Habari ya huko Kibera? Kifua chako kimepoa, ama bado kinakubana ukishinda kwa cherehani? Sisi huku tupo kwa neema. Baba Amondi amepata kazi ya mjengo Kileleshwa, anarudi amejaa simiti mpaka kwa kope. Vincent mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akiongea anapiga mbinja. Chapati zinatoka vizuri, hasa asubuhi, watu wakishuka stage.

Mulamwa, najua ulifuta namba yangu. Nimepiga mara nyingi, unakata. Ndio maana nimempa Ndanu karatasi hii, maana yeye hununua mboga za sukuma huku na kuuza hapo Olympic, na wewe humfukuzi.

Shida yangu ni ya Amondi. Mwalimu wa gredi ya tano amempa kila mtoto kitenzi kimoja cha Kiingereza. Siku ya wazazi, mwezi wa saba, mtoto atasimama mbele yetu aeleze kitenzi chake kwa Kiswahili: maana zake zote, mifano, na mahali kilitoka. Amondi amepewa "bear". Nikamwambia ni kubeba, imeisha. Akaniambia, "Mum, hiyo ni moja tu. Zimebaki zingine mob." Baba yake akasema ni yule dubu wa kwa televisheni. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi mtoto akasema, "Mwandikieni Anti Annet. Yeye ndiye alinifunza Sunday school, anajua kueleza." Na ni kweli, wewe una mdomo wa watoto.

Yale mengine ya mwaka jana tuyaachie Mungu.

Wako,
Mercyline, Mama Amondi

*

Kibera, upande wa Olympic
Jumapili, 1 Juni 2025

Mama Amondi,

Salamu katika jina la Yesu. Kifua kimepoa, asante kwa kuuliza. Mvua imeniingilia kwa paa lakini nguo za watu sikuziacha zilowe. Yunifomu za muhula zimekuwa nyingi na macho yangu yameanza kukataa uzi mweusi. Msalimie Baba Amondi, na Vincent umwambie anisubiri na hayo mapengo, nataka kuyaona.

Umesema yale mengine tuyaachie Mungu. Mimi namwachia kila asubuhi, na kila asubuhi nikiamka nakuta amenirudishia.

Lakini mtoto hana kosa. Amondi, hii sehemu ni yako. Isome kwa sauti mama yako akiwa anasukuma chapati, ili naye ajifunze.

Amondi mpenzi, "bear" ni kitenzi cha zamani na kimefanya kazi nyingi. Kwanza ni kubeba: mama anabeba maji. Pili ni kuzaa: mama yako alikuzaa wewe, na mparachichi unazaa parachichi, Waingereza wanatumia neno hilo hilo kwa mama na kwa mti. Tatu ni kuvumilia, kama unapong'olewa jino hulii. Nne, mtu akikuelekeza njia anaweza kukuambia "bear left", yaani shika upande wa kushoto. Hata nguzo inayoshikilia paa la kanisa letu, wanasema ina "bear" ule uzito.

Ya tano iko kwa amri za Mungu, na nataka uijue vizuri kuliko zote: "bear false witness". Ni kushuhudia uongo. Maana yake mtu anasimama mbele ya watu na kusema jambo ambalo hakuliona. Mfano: mtu anasimama karibu na jeneza la ndugu yake. Amondi, muombe mama yako akumalizie huo mfano.

Sasa watume watoto nje, Mercyline, hii ni yako.

Mwaka jana mwezi wa nane kule kwenu Chwele, mbele ya jeneza la Ambrose mume wangu, ulishika maikrofoni ukasema: "Huyu mwanamke alimfungia ndugu yangu mgonjwa kwa nyumba na kufuli, akaenda zake kwa maombi ya mchana. Aliporudi ndio akabeba maiti kupeleka hospitali." Watu wote wakageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa nimekaa kwa mkeka na nywele zangu, na kwenu mjane hafungui mdomo mpaka anyolewe. Ulijua hivyo. Ulichagua saa ambayo siwezi kukujibu. Kaka yako Lusweti akanishika mkono nilipoinama kuchukua udongo. Mume wangu nilikaa naye tangu nikiwa msichana, na sikumtupia hata konzi moja ya udongo.

Sasa nasikia Desemba mnajengea kaburi na kuweka msalaba, na Lusweti ametuma neno kwamba nisionekane. Nataka kitu kimoja. Kwenu neno lililosemwa kaburini halirudishwi kwa simu wala kwa jikoni, linarudishwa papo hapo kaburini, mbele ya waliolisikia. Desemba wote watakuwepo. Utasimama ulirudishe.

Annet

*

Kawangware 56
Jumapili, 22 Juni 2025

Mulamwa,

Bwana asifiwe sana. Hujambo? Sisi hatujambo, ila Vincent alikuwa na homa, sasa anakimbia. Baba Amondi wamesimamisha kazi kidogo, mwenye mjengo amesafiri. Bei ya unga imenifanya nipunguze ukubwa wa chapati, wateja wananiuliza kama nauza biskuti.

Asante kwa somo. Amondi ameliandika lote kwa daftari lake safi. Mwalimu amefurahi, lakini amesema bado anataka asili ya neno, limetoka wapi, na limezaa maneno gani mengine.

Ile sehemu nyingine sikuielewa vizuri, macho yangu na mwandiko wako.

Mercyline

*Niaje Anti Annet. Ni mimi Amondi, naandika hapa chini kama Mum ameenda kuongeza makaa. Nimesoma barua yote, hata ile ya kutumwa nje. Kwani kuna mtu alidanganya kwa matanga ya Uncle Ambrose? Nilimuuliza Mum akaniambia niwache umbea. Halafu uniambie, dubu anahusika ama hahusiki? Daddy ameng'ang'ana sana na dubu.*

*

Kibera
Jumapili, 29 Juni 2025

Amondi mpenzi,

Mungu akulinde. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Vincent ale ashibe baada ya homa.

Mwambie Daddy dubu hahusiki. Jina la dubu na hiki kitenzi yanafanana kwa sura tu, kama vile hapa kwetu kuna Mama Akeyo wawili na hawajuani hata ukoo. Dubu aende zake msituni.

Nina kamusi kubwa ya Kiingereza aliyoniachia mwalimu mmoja mzee wa kanisa letu alipohamia kijijini. Imeandikwa humo kwamba Waingereza wa zamani sana walikuwa wanasema "beran", maana yake kubeba. Neno hilo lina ndugu na watoto. "Birth", kuzaliwa, ni wa ukoo wake. "Burden", mzigo, ni wa ukoo wake. "Bier" ni ile machela ya kubebea maiti. Na "barrow" ni mkokoteni, kwa sababu mkokoteni kazi yake ni kubeba. Tazama hapo, kuzaliwa na kufa wanakaa kwa nyumba moja.

Sasa umeniuliza swali, na mimi sidanganyi mtoto aliyeuliza. Huu ni mfano wa mwisho, wa "barrow".

Uncle Ambrose alikuwa anaumwa na moyo. Ile Jumatano mchana alianza kutoka jasho la baridi na midomo ikageuka rangi. Unajua kwetu gari haifiki mlangoni. Nikamwita Gichuru, yule wa kuuza maji kwa mkokoteni. Akashusha mitungi yake yote, akatandika magunia, tukamlaza Uncle juu. Kabla ya kuondoka nilifunga mlango na kufuli, kama mtu yeyote wa Kibera anavyofunga akitoka, hata kama nyumba inaungua. Gichuru alivuta mbele, mimi nikawa nyuma nimeshika kichwa chake kisigonge mbao. Akina mama walitoa mabeseni njiani. Kwa ule mtaro wakatushikia magurudumu tukapita.

Tulipofika barabarani Uncle akaniuliza, "Annet, umefunga mlango?" Nikamwambia nimefunga. Hakuongea tena. Gari ilipopatikana ikatufikisha hospitali, wakasema amefika akiwa amekufa.

Nyuma yetu mama yako alikuja kumwona kaka yake. Akakuta kufuli. Jirani akamwambia, "Annet saa hizi huwa kwa maombi." Mama yako akachukua kufuli na maneno ya jirani akaenda nayo mpaka Chwele. Hakuuliza mtu mwingine. Hakuniuliza mimi, na nilikuwa naye kwa nyumba ile ile wiki nzima tukipanga mazishi, akila kwa sufuria yangu.

Basi sasa unajua asili ya neno. Msomee mama yako, na umwangalie usoni ukisoma.

Anti yako,
Annet

*

Kawangware 56
Jumapili, 13 Julai 2025

Annet,

Habari yako. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya ile wiki ya maandamano, barabara zilifungwa na Ndanu hakuvuka. Sisi tuko wazima.

Mimi nilikuomba maana ya neno la Kiingereza. Wewe umeingia kwa nyumba yangu kupitia mtoto. Hiyo ni tabia gani ya mtu anayeomba kila siku? Mtoto amenisomea mbele ya baba yake, na ananiangalia usoni kama ulivyomtuma, kama askari. Chapati ikaungua. Baba yake akaniuliza, "Ni ukweli hii?" Nikainama kukwangua kikaango.

Nilimlilia ndugu yangu. Mtu aliyefiwa anasema alichokiona. Mimi niliona kufuli. Habari ya mkokoteni sikuijua, Mungu ni shahidi wangu, nimeisikia kwako mara ya kwanza.

Nimemwambia Amondi siku ya wazazi atasema kubeba, atasema kuzaa, atasema parachichi, halafu akae chini. Usimwandikie tena.

Mercyline

*

Kibera
Jumatano, 16 Julai 2025

Mercyline,

Nashukuru Mungu mko wazima. Mimi pia niko, ingawa nimefunga kula tangu Jumatatu, utanivumilia kwa mwandiko.

Barua yako ilifika Gichuru akiwa hapa ananimwagia maji kwa pipa. Ndanu alikuwa amekaa kwa kiti akipumzisha miguu. Nikawasomea. Nikafika pale umeandika hukujua habari ya mkokoteni, Gichuru akaweka mtungi chini.

"Ati hajui? Mama wa chapati pale 56?"

Nikamwambia ndiye.

"Wacha mchezo. Si nilimwambia mwenyewe! Nilienda huko kutafuta tairi ya mkokoteni, wiki ile mlitoka matanga. Nikamwona, nikampa pole. Nikamwambia, mama, mzee tulimbeba vizuri, mimi na bibi yake, hakuanguka."

Ndanu akamuuliza, "Na yeye akasemaje?"

"Akageuza chapati kwanza. Halafu akanifungia chapati tatu kwa gazeti, za bure. Akaniambia, 'Kijana, hayo maneno yamekwisha, usiyarudie kwa mtu.' Mimi nikafikiria ni uchungu. Nikakula."

Ndanu akaanza kucheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

Kwa hivyo ulijua, Mercyline. Umejua karibu mwaka. Ulipokuwa unaniandikia habari ya meno ya Vincent ulijua. Na umemweka Mungu kuwa shahidi wa uongo wa pili, juu ya ule wa kwanza.

Mpaka juzi nilikuwa naomba Mungu aniondolee uchungu. Sasa siombi hivyo. Wala siombi ufe, usiogope. Naomba uishi, uwe na afya, macho yako yaone vizuri na masikio yako yasikie. Naomba ukae kwa kiti cha mbele siku hiyo ya wazazi.

Umesema nisimwandikie Amondi. Sitamwandikia. Nilichompa kinamtosha. Na kama kweli umemwambia aseme parachichi akae chini, basi humjui mtoto uliyemzaa. Mimi nilimfunza amri kumi akiwa hata kiatu hawezi kufunga, na siku aliyoiba sukari ya kanisa alikuja mwenyewe akaniambia kabla sijahesabu vijiko.

Annet

*

Kawangware 56
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mulamwa Annet,

Bwana asifiwe. Kama unaisoma hii, asante. Ndanu alikataa kuichukua mara mbili, mara ya tatu nikamwekea kwa gunia la sukuma akiangalia. Natumaini kifua chako kiko sawa na huu upepo. Baba Amondi amerudi kwa mjengo. Vincent meno yameota, yamekuja makubwa kama ya mtu mzima.

Najua umeshasikia kutoka kwa watu, lakini acha nikuambie mwenyewe.

Siku ya wazazi nilivaa ile leso ya bluu. Nikakaa mbele, kwa sababu mwalimu alituita mbele. Watoto wakaja na vitenzi vyao, wazazi wakapiga makofi. Amondi akasimama. Akasema kubeba. Akasema kuzaa, akasema parachichi, watu wakacheka vizuri. Akasema dubu hahusiki, baba yake akapigiwa kelele na wenzake. Nikaanza kupumua.

Halafu akasema, "Ya tano ni kushuhudia uongo." Mwalimu akamwambia toa mfano. Akasema, "Mjomba wangu alibebwa na mkokoteni na bibi yake mpaka barabarani. Mama yangu akaambia watu wote kwa matanga ati alifungiwa na kufuli. Halafu akajua si ukweli, na hakurudi kusema." Barua yako ya mwisho niliificha kwa debe la unga, kumbe aliipata akaisoma. Hakulia, Annet. Aliongea kama anasoma hesabu. Akamalizia, "Neno limetoka kwa 'beran'. Asanteni." Akakaa chini.

Hakuna mtu alipiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ngai, Mungu wangu!" Mwingine akasema, "Si huyu ni yule wetu wa chapati?" Mwalimu akaita mtoto mwingine haraka haraka, lakini hakuna mtu alimsikiliza.

Hapo stage sasa wanapita. Mmoja aliniambia, "Mama, nifungie mbili, lakini usinifungie na kufuli." Wakacheka wote. Hiyo naweza.

Kile siwezi ni mtoto. Hali chakula changu. Anapika uji wake mwenyewe, ama anakula kwa Nabalayo jirani. Nikimwita anaitika vizuri, anafanya kazi, haniletei kiburi. Lakini haniiti Mum. Ananiita Mama Vincent. Mbele ya watu, mbele ya baba yake. "Mama Vincent, nimetoa takataka." Baba yake alitaka kumchapa, nikamkataza. Nilimpigia magoti, Annet, mimi mzazi. Akaniambia, "Lile neno ulirudishie Anti kwanza."

Nitasimama Desemba. Lusweti afanye atakavyo, nitasimama. Kwa nini nilinyamaza mwaka mzima usiniulize, hiyo nitajibu kwa Mungu.

Lakini Desemba ni mbali na mtoto anakonda. Anakusikiliza wewe peke yako. Nakuomba umwandikie mistari michache tu. Umwambie mimi na wewe tumeongea, ale kwa mama yake, aniite vile alikuwa ananiita. Neno lako moja linamtosha.

Mercyline

*

Kibera
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mercyline,

Nakusalimu katika Bwana. Kifua kiko sawa. Nimepata mashine ya pili ya kukodi na msichana mmoja, Kavetsa, wa kunisaidia vifungo. Nafurahi Vincent ameota meno. Baba Amondi mpe pole.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa nimefikiria nikisikia umeaibika nitalala vizuri. Kweli nimelala vizuri. Sitakuficha.

Desemba nitakuja Chwele, Lusweti apende asipende. Utasimama mahali ulisimama, upande wa kichwa cha kaburi. Utasema kufuli ilikuwa ya mtu aliyetoka kumpeleka mume wake hospitali. Utamtaja Gichuru kwa jina. Utasema alikuambia, na utasema habari ya chapati tatu, hiyo usiiruke. Ukimaliza nitachukua udongo wangu na hakuna mtu atanishika mkono. Na Amondi awe amesimama hapo akisikia, kwa sababu wewe ukisema nusu yeye atajua.

Kuhusu kumwandikia mtoto. Nimeshaandika. Ni barua nzuri, nilimwandikia siku ile ile nilipopata yako. Nimemwambia ale kwako, nimemwambia akuite Mum, nimemwambia mtoto hapewi kazi ya kumhukumu mzazi wake. Nimefunga bahasha. Ninayo hapa.

Ndanu alinyoosha mkono kuichukua nikaizuia. Nitampa Amondi mwenyewe, kwa mkono wangu, siku hiyo pale kaburini, ukishamaliza kusema. Kabla ya hapo, hapana.

Nilimwambia mchungaji. Akaniambia, "Mama Annet, huyo unayemshindisha njaa ni mtoto, si wifi yako." Nikamwambia najua. Akaniuliza kama naweza kuomba Baba Yetu nikiwa nimeishika hiyo bahasha. Nimekuwa nikiomba mpaka mkate wetu wa kila siku, hapo naacha, naanza kushona nguo za watu. Siku nikisimama mbele ya Mungu nitaulizwa juu ya Amondi. Na bado siitumi.

Mpikie uji mzito, utie maziwa. Hata kama hali mbele yako, acha sufuria wazi utoke nje.

Niambie tarehe wamepanga, na kama Lusweti umeshamwambia utasema nini. Nijibu upesi.

Wifi yako,
Annet